Dawa Bustanini: Maswali ya Kila Siku Kuhusu Miti Shamba ya Nyumbani

Ni nyumba chache za pwani zisizo na shina la mchaichai karibu na bomba au mshubiri kwenye ndoo iliyotoboka. Bara nako, ua lenye mlonge, mpera na tangawizi si jambo la kushangaza. Mimea hii imekuwa msaada wa kwanza wa familia kwa vizazi vingi: tumbo likisokota, mafua yakibana, kidole kikiungua. Siku hizi yameongezeka mengine. Kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu, na kuna muuzaji wa stendi anayeapa kwamba unga wa mti mmoja unatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na upungufu wa nguvu za kiume kwa pamoja.

Makala haya yanajibu maswali ambayo watu huuliza mara kwa mara wanapotaka kupanda na kutumia dawa zao wenyewe. Msimamo wake ni mmoja: mmea ukishaitwa dawa, uwekewe masharti ya dawa. Ujulikane ni mmea gani, sehemu ipi inatumika, kwa kiasi gani, kwa siku ngapi, na nani asiutumie kabisa. Ukikosa majibu ya mambo hayo matano, uache mmea huo upendeze ua.

Kitu cha asili kinaweza kudhuru kweli?

Ndiyo. Tazama kiua cha vinka, kile cha petali tano za waridi au nyeupe chenye kitovu chekundu, kinachopandwa mbele ya nyumba na hata makaburini kwa sababu hakifi kwa jua. Asili yake ni Madagaska. Ndani ya mmea huo wataalamu walitoa vinkristini na vinblastini, dawa za saratani zinazotumika hadi leo hospitalini, pamoja na kwa watoto wenye uvimbe wa Burkitt, saratani ya taya iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na daktari Denis Burkitt alipokuwa Uganda mwaka 1958. Dawa hizo hupimwa kwa uzito wa mgonjwa na kuingizwa kwenye mshipa wa damu chini ya uangalizi, kwa kuwa zikizidi huharibu mishipa ya fahamu au hushusha chembe nyeupe za damu. Pamoja na hayo, wapo wanaochemsha majani ya vinka na kuyanywa kama chai ya kushusha sukari.

Mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru pia, na tofauti mara nyingi ni kipimo. Kwinini ilitoka kwenye gome la msinkona, mti ambao Wajerumani waliujaribu Amani, milima ya Usambara, baada ya kufungua kituo chao cha utafiti pale mwaka 1902. Kwinini ikizidi huleta kelele masikioni, huharibu macho na kuvuruga mapigo ya moyo. Uasili wake haukuizuia kuwa hivyo.

Mtu anayeanza apande nini?

Anza na mimea ambayo tayari ni chakula au kiungo jikoni. Mwili umeizoea, jina lake halina utata na ukizidisha kidogo haileti balaa.

Mchaichai hupandwa kwa kugawa shina. Ng'oa kichaka kilichokomaa, tenganisha miche yenye mizizi, punguza majani yabaki urefu wa kiganja, kisha panda kwa nafasi ya nusu mita au zaidi. Chai yake hutuliza tumbo lililojaa gesi na humfaa mwenye mafua.

Mnanaa hupenda unyevu na kivuli kidogo. Upande kwenye chombo chake peke yake, maana mizizi yake hutambaa na kuvamia jirani. Husaidia tumbo linalosokota, ila mwenye kiungulia unaweza kumzidishia.

Tangawizi hupandwa kwa kipande chenye jicho moja au mawili, kina cha sentimita 5 hivi, kwenye udongo wenye mboji usiotuamisha maji. Wakulima wa milima ya Same huisubiri kati ya miezi 8 na 10. Ni miongoni mwa viungo vilivyochunguzwa sana, na imeonekana kusaidia kichefuchefu.

Mrehani na kivumbasi huota kwa mbegu. Kata vichwa vya maua mapema ili majani yaendelee kuchipua. Kivumbasi kikining'inizwa au kufukizwa hupunguza mbu kwa kiasi fulani, lakini chandarua kibaki kitandani.

Mshubiri hupandwa kwa vitoto vinavyochipua pembeni ya mama. Uweke kwenye udongo wenye mchanga, na umwagilie pale tu udongo unapokauka kabisa. Maji mengi huuozesha.

Mlonge huota kwa mbegu au kwa kigingi. Ukifika kimo cha mtu, ukate ubaki mita moja ili majani yawe karibu na mkono. Majani yake yana protini, vitamini A, chuma na madini ya chokaa, na ni mboga kabla ya kuwa dawa.

Nipande wapi, na kwenye chombo gani?

Weka bustani mbali na choo cha shimo, karo la maji machafu, jaa la taka, gereji na ukingo wa barabara yenye magari mengi. Mimea hunyonya kilichomo ardhini, pamoja na risasi itokayo kwenye betri kuukuu na rangi za zamani. Kama eneo hulijui historia yake, panda kwenye ndoo, viroba au masanduku kwa udongo ulioutoa mahali safi.

Chombo kiwe na matundu chini. Usitumie kopo la rangi, dumu la mafuta ya gari wala chombo kilichowahi kuwa na dawa ya kuogeshea mifugo au kunyunyizia mazao, hata kama umekiosha mara kumi. Mchanganyiko unaofaa mimea mingi ni ndoo mbili za udongo wa juu, ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri na ndoo moja ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu vya kuhara ambavyo vitafika kwenye kikombe chako.

Wadudu wakiingia, anza na njia nyepesi: toa majani yaliyoathirika, rushia maji yenye sabuni kidogo ya kufulia ya kipande, au nyunyiza majivu. Kiuatilifu cha dukani hakifai kwenye mmea ambao majani yake yanakwenda moja kwa moja kwenye chai.

Nitajuaje kwamba mmea ni wenyewe?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mfano mzuri ni mwarobaini. Mti huo, kwa jina la kitaalamu Azadirachta indica, una ndugu yake aitwaye mmelia, Melia azedarach, unaopandwa sana kama mti wa kivuli na ambao wengi huuchukulia kuwa mwarobaini. Matunda ya mmelia yana sumu inayoweza kumuua mtu, mtoto hasa.

Ili kuitofautisha miti hiyo, chuma jani zima, kuanzia linapoungana na tawi. Jani la mwarobaini lina ukuti mmoja ulionyooka, na vijani vyenye meno kama ya msumeno vimepangana moja kwa moja kulia na kushoto ya ukuti huo. Jani la mmelia hugawanyika tena: ukuti mkuu hutoa kuti ndogo, na hizo kuti ndogo ndizo zenye vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe na yananukia, ya mmelia yana rangi ya zambarau hafifu. Matunda ya mmelia ni ya mviringo, hugeuka manjano na kubaki yakining'inia hata majani yakipukutika.

Jina la kienyeji pekee halitoshi, kwa sababu jina moja hubeba mimea tofauti kutoka wilaya hadi wilaya. Chukua mche kutoka kwa mtu anayeutumia na kuujua, uwe na jani, ua na ikiwezekana tunda, kisha uulize afisa ugani, bustani ya miche ya idara ya misitu au wataalamu wa mimea wa chuo kilicho karibu. Kwa Dar es Salaam ipo Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Picha ya kwenye simu ikufungulie mlango wa kuuliza tu. Isiwe ndiyo hukumu.

Kwa nini nijali ni sehemu ipi ya mmea?

Kwa sababu mmea mmoja unaweza kuwa na mboga juu na sumu chini. Majani ya mlonge huliwa kila siku na familia nzima, ilhali mizizi yake na magome ya mizizi yana kemikali zinazodhuru mishipa ya fahamu na hazifai kunywewa, hasa na mjamzito.

Mshubiri nao una vitu viwili tofauti ndani ya jani moja. Ukilikata na kulisimamisha, utaona utomvu wa manjano ukichuruzika kutoka chini ya ganda. Huo ni mchungu kupindukia, huharisha kwa nguvu, husokota tumbo na huweza kusababisha mikazo ya mji wa mimba. Marekani iliuondoa kwenye dawa za kuharisha zinazouzwa bila cheti cha daktari mwaka 2002. Acha jani lichuruzike kwa dakika 15 hivi, lioshe, menya ganda lote, kisha osha tena ule ute mweupe wa katikati. Huo ute ndio unaopakwa kwenye ngozi iliyochomwa na jua au kuungua kidogo.

Kuhusu kuungua, kitu cha kwanza kiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mshubiri hufuata baadaye, na kwa jeraha dogo lisilo na malengelenge yaliyopasuka. Kuungua usoni, sehemu za siri, kwenye viungo, au eneo linalozidi kiganja cha mgonjwa, ni safari ya hospitali.

Nichume na kuhifadhi vipi?

Chuma asubuhi baada ya umande kukauka, majani mazima yasiyo na madoa. Osha kwa maji safi, kung'uta, kisha anika kivulini mahali penye hewa, juu ya chekeche au kitambaa safi kilichoinuliwa kutoka chini, kuku na vumbi wasifike. Jua kali huondoa harufu na huharibu vitamini A ya majani kama ya mlonge. Yakiwa tayari, jani huvunjika ukilifinya. Likipinda tu, bado.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mahali pakavu na penye giza. Bandika karatasi yenye mambo matatu: jina la mmea, sehemu yake na tarehe ya kuanika. Baada ya mwaka mmoja, tupa na uchume mapya. Ukiona ukungu au ukinusa uvundo, tupa chupa nzima badala ya kuchambua. Tanzania ilipata somo chungu mwaka 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Kuvu inayotoa sumu hiyo huota pia kwenye viungo na mimea isiyokaushwa vizuri, na kuchemsha hakuiondoi sumu.

Dawa uliyoichemsha usiiweke kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kilichobadilika ndani.

Niandae kwa kiasi gani, na ninywe kwa siku ngapi?

Majani laini na maua humwagiwa maji ya moto, yakafunikwa dakika 5 hadi 10, kisha yakachujwa. Kifuniko ni muhimu, kwa kuwa yale mafuta yenye harufu hutoka na mvuke. Viungo vigumu kama tangawizi huchemshwa kwa moto mdogo dakika 10 hadi 20. Kwa mimea ya jikoni, kijiko kimoja cha chai cha majani makavu kwa kikombe cha robo lita kinatosha, na vikombe viwili au vitatu kwa siku ni vingi vya kutosha. Kilichobaki hadi kesho yake, mwaga.

Anza na mmea mmoja. Mchanganyiko wa mimea saba ukikudhuru, hutajua ni upi. Ukikusaidia, hutajua ni upi pia. Siku ya kwanza kunywa kidogo. Ukipata vipele, muwasho, kuvimba midomo au kifua kubana, acha. Kupumua kukiwa kwa shida, usingoje kupambazuke.

Muda nao una mpaka. Mafua, gesi na kichefuchefu hupungua ndani ya siku chache. Tatizo linaloendelea baada ya siku tatu, au linalorudi kila mara, linahitaji kipimo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni sababu ya kupima kifua kikuu, hata kama mchaichai wenye asali unakupa nafuu usiku.

Natumia dawa za hospitali. Naweza kuchanganya?

Mazungumzo haya husikika kwenye kliniki ya presha na sukari karibu kila wiki:

"Mama, kuna dawa nyingine unatumia nyumbani?"

"Hapana, mwanangu. Hizi hizi mlizonipa."

"Hata miti shamba?"

"Aa, hiyo ipo. Mlonge nakoroga kwenye uji kila asubuhi, na choya nakunywa jioni."

Mama huyo hakudanganya. Kwake mlonge ni mlonge na dawa ni vidonge. Lakini mlonge unaweza kushusha sukari, na uwatu na karela vilevile. Mwenye kutumia vidonge vya sukari au insulini akiongeza hivyo, sukari inaweza kuporomoka: jasho la ghafla, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzirai. Choya imeonekana kwenye tafiti kushusha presha kidogo. Ikijumlishwa na vidonge, mtu anaweza kuona kizunguzungu anapoinuka. Balungi huzidisha nguvu ya baadhi ya dawa za presha na za lehemu mwilini. Vitunguu saumu, tangawizi na manjano kwa wingi, hasa kama unga au vidonge vilivyokolezwa, vinaweza kuzidisha utokaji wa damu kwa anayetumia wafarini, na daktari wa upasuaji anahitaji kujua mapema.

Kiasi cha kuungia mchuzi hakina shida kwa wengi. Tahadhari ni pale kiungo kinapoanza kunywewa kwa vikombe kila siku. Mtajie daktari au mfamasia kila kitu, ukiweza nenda na chupa yenyewe. Kuuliza si ujinga, na mhudumu mzuri hatakukaripia.

Usikatishe dawa za kudumu kwa sababu ya mti. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Miongoni mwao walikuwamo walioacha dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, wakaja kurudi kliniki hali zao zikiwa mbaya. Dawa za VVU, sukari, presha, kifafa, pumu na kifua kikuu haziachwi bila kauli ya daktari.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo je?

Mjamzito abaki na viungo vya chakula kwa kiasi cha chakula. Chai nyepesi ya tangawizi kwa kichefuchefu cha asubuhi inakubalika kwa wengi. Ajiepushe na utomvu wa mshubiri, mwarobaini, pakanga na mizizi ya mlonge. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu ni hatari kubwa zaidi: hukaza mji wa mimba bila mpangilio, na unaweza kupasuka. Mama aliyepewa dawa hiyo amwambie mkunga mara moja, bila kuona haya, kwa sababu naye mkunga anaweza kuongeza dawa ya uchungu ya hospitali juu yake.

Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chochote zaidi ya maziwa ya mama na dawa alizoandikiwa. Maji ya mchaichai ya kuondoa gesi hayamo. Mafuta ya mbegu za mwarobaini asinyweshwe kamwe. Huko India na Malaysia watoto wachanga waliopewa mafuta hayo walitapika, wakasinzia kupita kiasi, wakapata degedege, na wengine wakafa. Asali isubiri mtoto afikishe mwaka mmoja.

Mtoto akiharisha, jambo la kwanza ni maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki kutoka zahanati. Kama pakiti haipo, changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto anayeharisha hufa kwa kukaukiwa maji, na hakuna jani linalorudisha maji hayo.

Chai ya pakanga si inatibu malaria?

Swali hili lina msingi. Artemisinini, uti wa mgongo wa dawa mseto, ilipatikana kwenye pakanga ya China, Artemisia annua, katika utafiti wa Tu Youyou miaka ya 1970. Alitunukiwa Nobel mwaka 2015. Lakini artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi chake hutofautiana kutoka shamba hadi shamba na kikombe hadi kikombe. Pakanga ya kienyeji inayoota kwenye milima yetu, Artemisia afra, ni mmea mwingine, na artemisinini yake ni chembe tu au haipo kabisa.

Kikombe chenye dawa pungufu huua vimelea dhaifu na kuacha wenye nguvu. Homa hutulia siku mbili, mgonjwa hufurahi, kisha malaria hurudi. Dawa mseto ina viambato viwili kwa makusudi: kimoja hupunguza vimelea haraka, cha pili humaliza waliobaki. Usugu wa vimelea dhidi ya artemisinini umekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, na kila dozi pungufu inaupa nafasi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai au unga wa pakanga kwa kutibu wala kukinga malaria. Homa ikianza, pima ndani ya saa 24, na ukikutwa na vimelea maliza dozi ya siku tatu.

Nyungu je?

Mvuke hulegeza kamasi na kumpa mtu nafuu ya muda. Hauui virusi ndani ya mapafu. Madhara yake makubwa ni kuungua: sufuria hupinduka chini ya blanketi, au uso husogezwa karibu mno. Anayetaka kujifukiza aweke sufuria mezani au sakafuni mahali imara, aache ipumue kidogo kabla ya kuinama, na asizidishe dakika 10. Watoto, wenye pumu na wenye kifafa wasiingizwe chini ya blanketi. Mafuta ya mkaratusi ya kwenye kichupa hayanywewi; vijiko vichache vya chai vinaweza kumletea mtoto degedege na kumpotezea fahamu.

Mimea ipi iwe mbali na watoto?

Mbegu za mbarika zenye madoadoa huvutia mtoto, na zikitafunwa hutoa sumu kali iitwayo risini. Mbono kaburi, unaopandwa kama uzio, una mbegu zenye ladha kama karanga zinazoleta kutapika na kuharisha. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza mboni na huweza kupofusha. Mnanaha, wenye ua la tarumbeta na tunda la miiba, hukausha mdomo, hupanua mboni za macho na kumfanya mtu aweweseke. Ung'oe kabla haujatoa mbegu.

Mtu akila mmea wa sumu, usimtapishe na usimnyweshe maziwa wala mafuta. Mpeleke hospitali haraka pamoja na tawi la mmea wenyewe. Tawi hilo huokoa muda wa kubahatisha.

Dalili gani zinanitaka niache bustani niende hospitali?

Kwa mtoto: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea, anapumua haraka au kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi. Kwa mtu mzima: maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja, kutapika au kuharisha damu, macho kuwa ya manjano, homa kali, kupungua uzito bila sababu. Mjamzito anayetokwa damu, anayeumwa kichwa sana au kuona maluweluwe asinyweshwe chochote, atafutiwe usafiri.

Nikitaka kuuza au kununua?

Kupanda kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Kuuza kama dawa ni habari nyingine. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa kwa sheria hiyo ndilo linalosajili waganga, vituo na dawa. Kenya iliingiza tiba asili kwenye Sheria ya Afya ya mwaka 2017.

Mnunuzi adai namba ya usajili, jina la mmea, tarehe na maelekezo. Dawa isiyotaja kilichomo ndani inaweza kuwa na chochote. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta vidonge vya kizungu vimesagwa ndani ya "dawa za asili" za nguvu za kiume na za maumivu ya viungo. Hiyo ndiyo siri ya baadhi ya dawa zinazofanya kazi ndani ya nusu saa, na ndiyo inayomwangusha mwenye ugonjwa wa moyo.

La kufanya leo

Pitia ua lako. Kila mmea unaoutumia kama dawa, hakikisha unalijua jina lake, sehemu, kiasi, muda na asiyepaswa kuutumia. Andika kwenye karatasi, ibandike kabatini, na uende nayo kliniki siku ya miadi. Usiotambua, usiunywe. Na mgonjwa anayezidiwa, apelekwe hospitali kwanza. Chai ya mchaichai atainywa akirudi.